Viatu Nitaviacha Mlangoni, Imani Siiachi

Kuna usemi umezuka mjini, na vijana wenzangu wameudaka kama vile umeshuka kutoka mbinguni. Usemi wenyewe ni huu: mtaalamu hana dini. Ukisema unatafuta mnasihi, yaani mtu aliyesomea kazi ya kukaa na wewe mkazungumza yanayokusibu moyoni na akilini, halafu ukathubutu kuuliza kama anaielewa imani yako, utachekwa. "We vipi? Ukipanda daladala unamuuliza dereva anaswali wapi? Bomba likipasuka unamuuliza fundi kama kabatizwa?" Hapo kijiwe kizima kinaangua kicheko, mikono inagongwa, na mjadala unahesabiwa kuwa umekwisha.

Mimi leo naufungua upya. Nasema hoja hiyo ni ya kuzuga, tena imewagharimu watu tunaowajua.

Hebu tuanze na huyo dereva. Dereva wa daladala anahitaji barabara, petroli na nauli yangu. Moyo wangu haumhusu. Fundi bomba anahitaji spana na koki. Nikiwa na huzuni au furaha, maji yatatoka vilevile. Sasa mnasihi ana nini? Hana sindano, hana mkasi, hana kipimo cha kukuweka kwapani. Ana kiti, masikio yake na maneno yako. Maneno yako ndiyo damu anayoipima, ndiyo picha ya eksirei anayoiinua kwenye mwanga. Na maneno yako, ndugu msomaji, umeyatoa wapi? Wengi wetu tumeyatoa madrasa, au shule ya Jumapili, au kwa bibi aliyekuwa akivuta tasbihi au rozari kila jioni. Mtaalamu asiyejua maneno hayo yana uzito gani anapima damu ya mtu mwingine.

Chukua neno mtihani. Mwislamu wa pwani akipatwa na msiba atasema, "Huu ni mtihani." Hasemi kwamba ameshindwa wala hasemi kwamba anaadhibiwa. Anasema kuna mwenye kumtahini, kwamba jambo hili lina mwanzo na lina mwisho, na kwamba yeye anatazamwa jinsi atakavyolibeba. Chukua mlokole anayesema, "Nina mzigo." Asiyejua atadhani kaka wa watu anaelemewa na maisha, kumbe anasema amewekewa moyoni jambo la kuliombea. Chukua nadhiri, toba, husuda, laana, kafara, subira. Kila neno hapo ni chumba kizima. Ukipita nje ukachungulia dirishani hujaingia.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe, kwa kuwa mwenye kidonda ndiye ajuaye maumivu. Mama yangu alipofariki, usingizi ulinitoroka. Wiki zikapita, nikawa naamka saa nane za usiku, natazama dari mpaka adhana ya alfajiri. Nikaenda kumwona mtaalamu katika ofisi moja ya mjini, sitaitaja. Nikamweleza habari za usingizi. Akaniuliza najisikiaje kuhusu kifo chenyewe. Nikajibu kama walivyojibu wote waliokaa kwenye lile jamvi la matanga: kazi ya Mungu haina makosa. Akaandika. Akaniuliza nafanya nini ninapomkumbuka. Nikasema kila usiku wa kuamkia Ijumaa namsomea Yasini. Akaandika tena. Mwisho akaniambia kwa upole kabisa kwamba naukataa ukweli, kwamba nimejificha nyuma ya dini ili nisimkasirikie mama kwa kuniacha, na kwamba ningefanya vizuri nikipumzika na hivyo visomo kwa muda.

Jamani! Ile Yasini ndiyo iliyokuwa saa pekee ya wiki nzima ambayo mama yangu na mimi tulikuwa pamoja tena. Pale ndipo nilipokuwa nikilia. Kama angeniuliza swali moja tu, "Unaposoma, unakuwaje?", angeujua msiba wangu wote. Hakuuliza. Alikuwa na kitabu chake kinachosema mfiwa lazima apite wapi na wapi, na mimi sikuonekana kwenye ramani. Nikalipa, nikashuka ngazi, sikurudi.

Najua majibu mtakayonipa. Mtasema huyo alikuwa mtaalamu mbaya, na mbaya yupo katika kila kazi. Sawa. Ila nataka mjue kwamba hakubuni kosa lake pale mezani. Lina ukoo, na ukoo wenyewe ni mrefu.

Mwaka 1927 Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna ambaye kila fani ya kuzungumza na mgonjwa ina deni kwake, alichapisha kitabu kizima cha kusema kwamba dini ni njozi, ni matamanio ya mtoto anayemtaka baba wa kumlinda. Basi kwa miaka mingi baada yake mtu aliyeingia kutibiwa akiwa na imani yake alionekana ameingia na ugonjwa wa pili. Huku kwetu mambo yakawa mabaya zaidi, maana juu ya dini ikaongezwa rangi. Katika Hospitali ya Mathari pale Nairobi alikaa daktari mmoja, J. C. Carothers, aliyeiongoza kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo alimlinganisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyepasuliwa na kukatwa ubongo wa mbele. Mwaka uliofuata akaandika ripoti kuhusu Mau Mau, watu waliodai ardhi yao wakaelezwa kama kesi ya matatizo ya akili. Ndugu zangu, mkisikia "mtaalamu hana dini, hana kabila, hana upande", mkumbukeni bwana huyo. Alijiona hana upande hata kidogo.

Sasa mtazameni mwingine. Mwaka 1953 huohuo Frantz Fanon, kijana mweusi kutoka Martinique, alianza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida, Aljeria. Alikuwa na mpango mzuri: wagonjwa wasifungiwe tu, wawe na sherehe, sinema, gazeti lao, mikutano, kazi za mikono. Katika wodi ya wanawake wa Kizungu mpango ukachanua. Katika wodi ya wanaume Waislamu ukadoda kabisa. Wanaume wale walikaa kimya, wakatazama pembeni. Hapo daktari mwenye kiburi angeandika kuwa watu hawa hawatibiki. Fanon na mwenzake Jacques Azoulay waliandika mwaka 1954 kwamba kilichoshindwa ni mpango: walikuwa wamewaletea Waislamu wa Aljeria sherehe za watu wengine, kwa lugha ya watu wengine, kupitia mkalimani. Wakageuza. Wakafungua kahawa ya kienyeji ndani ya hospitali, wakasherehekea sikukuu za Kiislamu, wakamwalika msimulizi wa hadithi. Wodi ikaanza kuzungumza.

Na Fanon hakuwa mtu wa dini. Hakuwa Mwislamu. Hilo nataka mlishike, maana ndilo litakalonitofautisha na kundi la pili ninalogombana nalo leo.

Kundi la pili ni wale wanaosema: "Basi si umesema mwenyewe? Achana na wanasihi. Mwislamu aende kwa shehe, Mkristo aende kwa mchungaji, swali, funga, omba, utapona." La hasha! Sikusema hivyo na sitasema. Nawaheshimu mashehe na wachungaji, wengine ndio walionilea. Lakini mtu mwenye sonona, ugonjwa ule wa huzuni nzito isiyoondoka, anayeamka kila siku akitamani asingeamka, ukimwambia imani yake ni ndogo umemwongezea jiwe juu ya jiwe. Alikuwa na ugonjwa mmoja, sasa ana ugonjwa na dhambi.

Tena tusizungumze kama watu waliozaliwa jana. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, kaunti ileile ambayo watu wanaoga bahari na kupiga picha, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Watu waliofunga mpaka kufa, na watoto wao, kwa kuamini wanakwenda kukutana na Mwokozi wao. Baada ya Shakahola, kiongozi yeyote wa dini anayemwambia mgonjwa atupe vidonge vyake aonyeshe imani anapaswa kuulizwa kwa sauti na mbele za watu: wewe unamtuma wapi mtu huyu?

Na Waislamu wenzangu wanaodhani hospitali ya akili ni uzushi wa Kizungu, someni historia yenu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kimoja chenye sehemu mbili, ya kwanza afya ya mwili, ya pili afya ya nafsi. Alieleza huzuni, hofu, hasira na wasiwasi unaomrudia mtu bila kumpa nafasi, akaeleza na namna ya kuvitibu, akasema kama mwili unavyougua na nafsi nayo huugua, na kimoja humtia mwenziwe maradhi. Zaidi ya miaka 900 kabla ya Freud kuzaliwa! Habari ya ngamia na kamba yake kila aliyepita madrasa anaijua. Kamba kwanza, tawakali baadaye. Sasa mbona likija suala la akili tunataka ngamia ajifunge mwenyewe?

Basi msimamo wangu upo katikati, na katikati ndipo mtu anapopigwa mawe kutoka pande zote. Nasema hivi: tafuta mtaalamu aliyesomea kazi, na katika hao waliosomea, mtafute anayeielewa imani yako au aliye tayari kuuliza. Kuelewa, nimesema. Sikusema awe wa dini yako.

Tofauti hiyo nimeiona kwa macho yangu kwa rafiki yangu mmoja, mshikaji tuliyekaa naye dawati moja, jina lake nalihifadhi. Alishikwa na wasiwasi wa udhu. Asiyejua atacheka, lakini si kitu cha kuchekea. Anaingia bafuni kutawadha dakika tano kabla ya sala, anatoka baada ya saa nzima. Anaosha mkono mara tatu, moyo unamwambia hujaosha. Anaanza upya. Pipa linakwisha, ngozi imepauka na kupasuka, sala imempita, anaanza kuilipa, katikati ya sala anadhani kapungukiwa rakaa, anarudia. Kazini akafukuzwa. Nyumba ya kupanga ugomvi kila siku, bili ya maji imekuwa kama ya dobi.

Alikwenda kwa mtu mmoja wa visomo. Akaambiwa ni shetani, aongeze dhikri, asome hiki mara mia na kile mara elfu. Sasa we fikiria: mtu ambaye ugonjwa wake ni kurudiarudia na kuhesabu, unampa dawa ya kurudia na kuhesabu! Akazidi. Akaenda kwa mtaalamu wa mjini. Yule akamwambia suluhisho ni rahisi, aache kuswali kwa mwezi mmoja. Jamaa akatoka pale anatetemeka, kwake yeye hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa aache kupumua kwa mwezi mmoja ili apate nafuu ya kikohozi. Hakurudi, na kwa karibu mwaka mzima hakutaka kusikia neno hospitali.

Aliyemsaidia alikuwa nesi mmoja mtu mzima katika hospitali ya serikali, amesomea unasihi, Mkristo, msalaba shingoni. Nilimsindikiza mwenyewe. Mama yule hakujua udhu ni nini, na hakuona haya kusema hajui. Akamuuliza, "Mwanangu, dini yako inasema uoshe mara ngapi?"

"Tatu, mama."

"Na ya nne nani anakwambia?"

Jamaa akanyamaza. Nadhani hakuwa ameulizwa hivyo tangu azaliwe.

"Nenda kamuulize shehe wako, yule mwenye elimu unayemwamini," mama akasema. "Muulize mtu mwenye shaka afanyeje. Akikujibu, njoo uniambie, tutafanya kazi kwa jibu lake."

Akaenda. Shehe akamweleza kanuni inayojulikana kwa kila aliyesoma fikihi, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Umeosha, una yakini umeosha, shaka iliyokuja baadaye haina haki. Tena akamwambia kuzidisha tatu kwa makusudi ni makuruhu. Jamaa akarudi kwa mama na jibu hilo. Na kumbe lilikuwa linafanana kabisa na tiba ambayo mama yule aliisomea, ile ambayo Victor Meyer aliieleza huko London mwaka 1966: mgonjwa akutanishwe na kile anachokiogopa, kisha azuiwe kufanya tendo lake la kujituliza, akae na hofu mpaka ishuke yenyewe. Wakapanga. Osha mara tatu, funga bomba, toka bafuni na shaka yako, swali nayo. Wiki ya kwanza alikuwa akilia kwenye mswala. Miezi ikapita. Leo anatawadha kama mimi na wewe, na siku mbaya zikija anajua la kufanya.

Hebu pimeni wenyewe. Mtu wa dini yake alimzidishia ugonjwa. Mtaalamu asiyetaka kujua dini alimfukuza. Aliyemponya ni mtu wa dini nyingine mwenye elimu ya kazi yake na adabu ya kuuliza. Na ugonjwa huo si wa Waislamu peke yao. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliteswa na jambo la namna hiyo pale Manresa mwaka 1522, akiungama dhambi zilezile tena na tena bila kupata amani, mpaka akawaza kujiua. Katika kila dini wapo.

Sasa nijibu hoja za wapinzani moja baada ya nyingine, msije mkasema nimezikimbia.

Hoja ya kwanza: dini yenyewe ndiyo inayowaumiza watu. Dada anapigwa na mumewe, anaambiwa subira. Mwingine anaambiwa asamehe saba mara sabini. Je, mtaalamu aiheshimu imani hiyo? Najibu: hapohapo ndipo anapohitajika mwenye kuelewa. Asiyeelewa atamwambia yule dada, "Dini yako inakukandamiza, iache." Dada hataiacha. Atamwacha mtaalamu na kurudi kupigwa. Anayeelewa atajua kwamba subira haijawahi kumaanisha kukaa chini ya ngumi, kwamba sheria ya Kiislamu ina khului na ina fasakhi, milango ambayo mwanamke anaweza kuigonga mwenyewe. Atajua kwamba kumsamehe mtu ni jambo moja na kurudi kulala nyumba moja naye ni jambo lingine. Ukitaka kumtoa mtu kwenye chumba kinachoungua lazima ujue milango ya nyumba hiyo iko wapi.

Hoja ya pili: wataalamu wenyewe wanahesabika, maskini hachagui. Kweli ni wachache, na wengi wamejazana mijini. Lakini kwa sababu hiyohiyo, mgonjwa akija mara moja akakimbia, tumepoteza saa ya mtaalamu adimu na tumempoteza mgonjwa. Swali moja la adabu halina gharama ya dola wala shilingi.

Hoja ya tatu: mtaalamu atasoma dini ngapi? Asisome hata moja, ajifunze kuuliza. Si mimi peke yangu nisemaye hivyo. Thomas Adeoye Lambo, daktari wa Nigeria, mwaka 1954 alianzisha pale Aro, Abeokuta, mpango wa wagonjwa kukaa vijijini na ndugu zao, akashirikiana na waganga wa jadi bila kutupa elimu yake ya Ulaya. Hata hao Wamarekani wenye kile kitabu kikubwa cha orodha ya magonjwa ya akili, katika toleo la mwaka 1994 waliongeza kifungu cha tatizo la kidini au la kiroho, kama jambo ambalo mtu anaweza kulipeleka kwa mtaalamu bila kuitwa mgonjwa. Walichelewa, lakini walifika. Sisi tunaendelea kuimba wimbo ambao wenyewe wamekwisha kuubadilisha.

Basi ukitaka kutafuta, fanya hivi, na sisemi kwa kukisia. Anza kwenye hospitali. Muhimbili wapo, Mirembe pale Dodoma wapo, Kidongo Chekundu kule Unguja wapo, Mathari wapo, na hospitali nyingi za rufaa zina kitengo cha afya ya akili. Kenya kuna sheria ya mwaka 2014 inayomtaka mshauri na mwanasaikolojia asajiliwe, kwa hiyo ukiwa huko una haki ya kuomba kuona usajili wake. Usiwafuate matapeli wa kujiita "mshauri wa kiroho na kisaikolojia" kwenye bango la nguzo ya umeme, namba ya simu na picha ya nyota.

Siku ya kwanza, uliza. Umesomea wapi kazi hii? Umewahi kumsaidia mtu wa imani yangu, na kama hujawahi, utafanyaje? Ushauri wako ukigongana na dini yangu tutafanyaje? Utakubali kushauriana na shehe au padri wangu, kwa ruhusa yangu tu, na kwa mambo nitakayoyaruhusu tu? Siri yangu inakaa wapi? Swali hilo la mwisho waulize hasa wale wa dini yako, maana mtaalamu anayeswali msikiti mmoja na ami yako anaweza kuwa balaa kuliko mgeni.

Kama unatumia vidonge na Ramadhani inakaribia, mwambie daktari mapema, usijipangie. Dawa nyingi zinaweza kuhamishiwa futari na daku, lakini zipo zisizotaka mchezo. Lithiamu, kwa mfano, huzidi katika damu mwili ukikauka maji, na ikizidi ni sumu. Daktari anayekujibu "usifunge" bila kukusikiliza, na wewe unayefunga bila kumwambia, nyote wawili mnacheza na moto. Na mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, hilo nalo shehe mwenye elimu atakuthibitishia.

Ondoka haraka ukiona haya: anakicheka unachokiamini, anataka kukubadilisha dini, awe anaivuta kwake au anakutoa kwenye yako, anakwambia utupe dawa, anataka umlipe kwa kuombewa. Usiondoke kwa sababu tu amekuuliza swali gumu kuhusu imani yako. Imani isiyoweza kuulizwa swali imekwisha kuugua.

Nimalizie na sisi wenyewe tunaoshika kalamu, maana gazeti hili ni letu. Wenzangu waandishi chipukizi, nimesoma hadithi zenu, na zangu, na zinanichosha kwa jambo moja. Kila akitokea shehe ni mnafiki mwenye wake wanne na jicho kwa binti wa jirani. Kila akitokea mchungaji ana gari jipya. Kila akitokea kichaa ni nabii wa jalalani anayesema ukweli ambao wazima hawauoni. Na sasa ameingia mhusika mpya, mwanasaikolojia wa mjini, miwani na sauti laini, anayemkomboa shujaa kutoka kwenye giza la imani za bibi yake. Bwana wee, hiyo ni fasihi au ni tangazo la biashara?

Kule Harare, mwaka 2006, Dixon Chibanda, daktari wa akili, alianza kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Hawakutumia maneno ya vitabuni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na hatua ya kwanza ya kazi yao wakaiita kufungua mawazo. Utafiti wa benchi hilo ulichapishwa mwaka 2016 na kuonyesha kwamba wagonjwa walipata nafuu. Neno la nyumbani lilimfungua mtu mdomo. Sisi tuna "ana mawazo", tuna "roho inanisonga", "moyo mzito", "nafsi imenikataa", tuna "mtihani" na "mzigo". Nani atayaandika kwa usahihi, ili yule anayesoma saikolojia leo chuoni, akiyasikia kesho kwenye kiti chake, ajue anaambiwa nini? Vitabu vyake vingi vimetoka ng'ambo, havina maneno hayo. Hiyo ni kazi yetu, na tumeikalia.

Andikeni bibi anayemeza kidonge chake kwa bismillahi. Andikeni padri aliyempeleka muumini wake Mirembe kwa gari la parokia na kukaa naye kwenye foleni. Andikeni kijana anayetoka kwa mnasihi na kuwahi ibada, bila kuona kwamba amekwenda sehemu mbili zinazopigana. Watu hao wapo, napishana nao kila siku, ila hadithini siwaoni.

Mimi nimesema. Anayeona nimekosea asinisubiri kijiweni na mifano ya madereva. Achukue kalamu, alete hoja, kurasa zipo.